Shule ya udereva Nakuru: mwalimu nyota 5, ofisi nyota 2

Msichana wangu aligonga tuktuk Alhamisi moja saa 10 na nusu jioni, akiwa kwa gari ya shule ya udereva, somo lake la 11, mwalimu ameketi hapo kando yake na wanafunzi wengine 2 wako nyuma. Hakuna mtu aliumia sana, namshukuru Mungu. Lakini venye hiyo shule ilishughulikia hayo maneno kutoka dakika ya kwanza mpaka wiki 3 baadaye ndio imefanya niandike, juu kuna mtu mmoja pale alifanya kazi yake vizuri sana, na kuna ofisi ilitaka mtoto wa miaka 18 abebe mzigo wenye si wake. Jina la shule siweki. Tuliketi na mwenye shule tukaongea tukamaliza, na ni watu wa hapa Nakuru tutazidi kukutana. Ila kama unatafutia kijana wako shule, haya nimepitia uyaulize popote utaenda.

Tulifika huko hivi. Amemaliza Form Four, matokeo yametoka, anangojea chuo, na wenye wako na watoto wa hiyo rika mnajua hiyo miezi inavyokuwa, mtoto ako nyumba na simu siku nzima. Tukakubaliana na babake aende kompyuta asubuhi na udereva jioni, na kitambulisho chake kilikuwa kimetoka tu. Tulizunguka shule 3 za town tukachagua hii juu bei ilikuwa ya kueleweka, elfu 14 na mia 5 pamoja na PDL, ile leseni ya muda ya mwanafunzi, na kubuk tesiti, masomo 20 ya barabara, na kutoka hapo hadi stegi ya Free Area kwenye tunaishi ni kutembea dakika chache. Niliuliza bei, nikauliza anaanza lini, nikatuma nusu kwa M-Pesa. Hakuna kitu ingine niliuliza. Kulikuwa na fomu alipewa akasaini, mimi hata sikuishika mkononi. Hiyo fomu tutairudia.

Darasa lao sina neno nalo. Kuna lile bodi kubwa limechorwa town ndogo na vigari vya kuchezea, mwanafunzi anasukuma kigari huku anasema kila kitu anafanya, naangalia kioo, naweka indiketa, nafika raundiabauti napea njia wenye wanatoka kulia. Huyu wangu aliishika hadi akawa anapanga viberiti kwa meza ya jikoni anamfundisha ndugu yake mdogo, na mimi nilikuwa naskia raha kumwona hivyo. Alama za barabara alizijua zote. Ukimuamsha usiku angekuambia.

Lakini kwa hilo bodi hakuna tuktuk inasimama ghafla juu kuna mtu ameinua mkono. Hakuna boda anapita kushoto kwako akiwa amebeba kitanda. Vigari vya bodi vyote vinafuata sheria, na mtoto akitoka hapo anaingia barabara akiamini hata wengine wote wamesomea hilo bodi.

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu, si mvua ya maana, ile ya kulainisha lami tu. Walikuwa wanatoka pande za Section 58 wanarudi town, saa ya watoto kutoka shule, barabara imejaa. Mbele yao kuna tuktuk. Alikuwa kwa gia ya pili na mwalimu anakadiria walikuwa wanaenda kama 20, polepole tu. Tuktuk ikaona abiria, ikasimama pale pale bila indiketa bila kitu. Msichana wangu akaona, na anasema aliona vizuri kabisa, akakanyaga. Shida ni kwamba kenye alikanyaga ilikuwa eksileta. Gari badala ya kusimama ikaruka, yeye akazidi kukanyaga juu kichwani mwake hiyo ni breki na inakataa kushika. Mwalimu akapiga breki ya upande wake, gari ikazima, lakini ilikuwa imeshafika. Ikagonga tuktuk nyuma, tuktuk ikasukumwa kama nusu mita ikagusa toroli ya kijana wa smokie na mayai boilo mwenye alikuwa amesimama hapo kando. Hedilaiti moja ikavunjika, bampa ikapasuka, mayai na kachumbari yote chini.

Nilitaka kuelewa mguu unaendaje mahali si pake kwa mtu mwenye amefunzwa mara 10, kwa hivyo nilimuuliza mwalimu baadaye na akanieleza kwa upole sana. Mwanafunzi mpya anainua mguu mzima hewani akihama kutoka pedali moja kwenda nyingine. Akiwa ametulia unarudi chini mahali sawa, akishtuka unarudi popote. Dawa yake ni kisigino kikae chini kimesimama mbele ya breki, alafu ni vidole tu vinageuka kwenda eksileta na kurudi. Kitu ya pili ni viatu. Siku hiyo alikuwa amevaa zile raba za soli nene sana zenye vijana wanapenda, na soli kama hiyo huwezi kuskia pedali iko wapi, mguu ni kama umefungwa blanketi. Hakuna mtu kwa hiyo shule alikuwa amewaambia wanafunzi maneno ya viatu. Mimi pia sikujua. Siku hizi anaendesha na viatu vyepesi vya soli nyembamba na tofauti anasema ni kubwa.

Sasa huyu mwalimu. Watu walijaa hapo kwa sekunde, mnajua venye huwa, boda boda wakazunguka gari, mmoja anapiga boneti na kiganja, mwingine anasema dereva atoke. Msichana wangu alikuwa ameshika stiaringi na mikono miwili hawezi kuachilia. Mwalimu kitu ya kwanza alifanya alizima swichi ya gari, akatoa ufunguo, akavuta handbreki, akaweka hazadi. Alafu akamwambia, "Msichana, uko salama, wote tuko salama, gari ni chuma. Achilia mkono mmoja, sasa ule mwingine." Akageuka akauliza wale wa nyuma mmoja mmoja kama kuna mahali kunauma. Hapo ndio akatoka nje, akasimama katikati ya watu na ule mlango wa dereva, na akawaambia kwa sauti ya kawaida kabisa, huyu ni mwanafunzi, mwalimu ni mimi, mwenye ako na neno aniletee mimi. Msichana wangu amenirudilia hiyo sentensi si chini ya mara 20. Mimi mzazi sikuwa pale, lakini kulikuwa na mtu amesimama mahali ningesimama.

Akaenda kwa tuktuk. Ndani kulikuwa na shosho mmoja anatoka sokoni na goti lake lilikuwa limegonga chuma. Akamsaidia kukaa vizuri, hakumvuta kumsimamisha, akamuuliza kama anaweza kusongesha mguu, akatafuta nambari ya mtoto wake akampigia. Laifuseva, ile pembetatu ya kuonya magari, akaweka nyuma ya gari, kitu yenye watu wengi wanasahau na ndio hufanya ajali moja izae ingine. Kabla gari yoyote isongeshwe akapiga picha, namba pleti zote mbili, mahali matairi yamesimama, barabara yenyewe ilivyolowa. Alafu akanipigia, na venye alisema ni muhimu, juu nimewahi kupigiwa simu mbaya na najua inavyoanza. Hakusema "Mama, kumetokea ajali" akanyamaza. Alisema, "Mama, msichana wako yuko hapa kando yangu anakunywa maji, ongea na yeye kwanza alafu nitakueleza kitu kidogo kimetokea." Nikaongea na mtoto nikaskia sauti yake, na hapo sasa ningeambiwa chochote ningevumilia.

Polisi wa trafiki walikuja, wakaandika, na mwalimu akaenda kituo jioni hiyo hiyo kupata namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandika matukio. Alinieleza kwamba sheria inataka ajali iripotiwe mara tu inapowezekana na isipite masaa 24, na wengi wanaumia hapo, mnaelewana kando ya barabara na mtu mnapeana elfu 2 kila mtu anaenda, alafu wiki mbili baadaye anakuja na madai ya mgongo na wewe huna karatasi yoyote ya kuonyesha kilichotokea. Bila abstrakti ya polisi, ile karatasi yao ya ripoti ya ajali, hata bima haiwezi kukuskiza. Shosho alipelekwa kliniki na mwalimu mwenyewe, wakapiga eksrei ya goti, ilikuwa ni kuvimba tu. Nilienda kumwona Jumamosi na msichana wangu, tukabeba maziwa na mkate, shosho akamshika mkono akamwambia hata kijana wake wa kwanza aligonga ng'ombe. Mtoto alilia pale vizuri, na nafikiri hiyo kilio ilimsaidia.

Kama ingeishia hapo ningeandika nyota 5 nikaenda zangu.

Jumatatu nikapigiwa na ofisi. Si kuuliza mtoto ameamkaje. Nikaambiwa bampa na hedilaiti na rangi ni elfu 18 na mia 5, nilipe kabla ya Ijumaa, na mtoto asirudi masomo mpaka nilipe, na masomo yenye atakosa hayarudishwi. Nikauliza kwa msingi gani. Nikaambiwa kwa fomu alisaini, iko hapo chini imeandikwa mwanafunzi atagharamia uharibifu wa gari. Nilienda siku ya pili nikaisoma, na kweli iko, maandishi madogo kabisa chini ya mambo ya risiti. Nikauliza kama gari iko na bima. Iko, lakini ni thadi pati. Kwa wenye hawajui kama mimi sikujua, thadi pati inashughulikia yule mwenye umegonga, gari yako mwenyewe haikuhusu. Komprehensivu ndio ingetengeneza hata hiyo gari yao, na hata hiyo kuna kiasi unalipa kwanza kutoka mfukoni, eksesi, na dereva akiwa mdogo wa miaka au mpya huwa wanaongeza. Kwa hivyo shule imeamua kununua bima rahisi kwa gari yenye inaendeshwa na watu hawajui kuendesha, kutoka asubuhi mpaka jioni, alafu pengo la hiyo bima limewekwa kwa wazazi kwa maandishi madogo. Hiyo iliniuma zaidi ya elfu 18.

Niliwaambia venye naona, na sikupiga kelele. Huyu mtoto ako na PDL. PDL maana yake bado si dereva, ndio kwa sababu sheria imemkataza kuingia barabarani bila mtu wa leseni kando yake, na ndio kwa sababu mmebandika L mbele na nyuma, na ndio kwa sababu gari yenu ina breki mbili. Nimewalipa mumfundishe kitu hajui. Akikosea akiwa anajifunza, hiyo ni sehemu ya kazi mmechukua pesa yake. Kama angekuwa amechukua gari bila ruhusa akatoka nayo, ningelipa hata kama ni kuuza kitu. Lakini ndani ya somo, mwalimu akiwa hapo, hapana.

Mama wa ofisi akasema sheria ya shule ni sheria ya shule. Nikaomba tuketi na mwenye shule, tukapewa Alhamisi. Na hapo ndio nilizidi kumheshimu yule mwalimu, juu aliitwa aseme kilichotokea, na angeweza kusema mtoto alikanyaga eksileta tukamaliza, ni ukweli. Alisema hivyo, alafu akaongeza mwenyewe bila kuulizwa kwamba ile sekunde tuktuk ilisimama yeye alikuwa anaangalia kioo cha kushoto, kulikuwa na boda inajipenyeza, kwa hivyo breki yake ilichelewa. Akasema, "Breki ya pili ilikuwa yangu." Mbele ya mtu mwenye anamlipa mshahara. Mwenye shule alikaa kidogo, akaandika kwa karatasi, akasema gari itatengenezwa na shule na mtoto arudi. Masomo yenye alikosa wakarudisha. Mayai ya yule kijana wa smokie nililipa mimi mwenyewe, hakuna mtu aliniambia, trei nzima na nyanya zake, juu yeye hakuwa na bima ya aina yoyote na jioni hiyo ndio ilikuwa ya kununua unga.

Shida sasa ikawa mtoto hataki. Akiskia gari inapiga breki huko nje anashtuka. Alikuwa anasema nimpe tu mdogo wake hayo masomo yamebaki, na huyo mdogo ako darasa la 8. Usiku anaamka. Sikujua nifanye nini, babake anasema tumsukume, mimi nasema tumwache, tukakosana kidogo hapo ndani ya nyumba.

Mwalimu alipiga simu akaomba Jumapili saa 1 asubuhi, town ikiwa tupu, na akasema nami niende nikae nyuma. Alikuja na ile gari, bado bampa imefungwa na waya. Hakumwambia aendeshe. Alimweka kiti cha dereva gari imezimwa, akamwambia atoe viatu, avae soksi tu, na kwa kama robo saa ikawa ni kisigino chini, breki, eksileta, breki, eksileta, mwalimu anaita na yeye anagusa, macho yake yakiwa yamefungwa. Mara ya kwanza alikosea, ya pili akakosea, ikafika mahali hakosei tena hata mwalimu akiita haraka. Hapo akavaa viatu wakawasha gari.

Akamfunza kuhesabu. Chagua mlingoti, gari ya mbele ikiupita anza kusema polepole mia moja na moja, mia moja na mbili, kila moja ni kama sekunde, ukifika kwa huo mlingoti kabla ya kumaliza uko karibu sana, na kukiwa kumelowa hesabu hadi mia moja na nne. Akatuonyesha ni kwa nini. Ukienda kilomita 20 kwa saa, kwa sekunde moja gari inakula kama mita 5 na nusu, na binadamu kabla mguu ufike kwa breki hiyo sekunde mara nyingi inakuwa imeisha. Ukienda 50, yenye ndio mwisho ndani ya town, inakula karibu mita 14. Siku ile kati yao na tuktuk hakukuwa hata na mita 5. Kwa hivyo hata angekanyaga breki yenyewe pengine bado wangegusana, kwa nguvu kidogo tu. Nilimwona mtoto uso ukibadilika akiskia hiyo. Wiki mzima alikuwa anajiona mjinga wa pedali, sasa akapewa kitu anaweza kurekebisha, umbali. Na nikajiuliza kwa nini hii hesabu haikuwa somo la kwanza. Mwalimu alisema mtihani hauulizi tuktuk, na wanapewa muda mfupi kwa kila mwanafunzi, anafunza kenye anaweza. Hilo ni la ofisi kupanga, si lake.

Mwishowe akampeleka pale pale. Kijana wa smokie alikuwa bado hajafungua. Wakapita mara 3, mara ya nne wakakuta tuktuk mbele, na ikasimama kama kawaida yao. Akasimama nyuma yake vizuri na nafasi ya gari nzima imebaki. Mwalimu hakusema kitu, alionyesha tu mguu wake yeye, ulikuwa mbali na ile breki ya pili, ameukunja chini ya kiti. Nikaangalia dirisha juu machozi yalikuwa yananitoka.

Kwa hivyo nyota 5 kwa mwalimu, bila kusita. Ni mzee wa makamo, anavaa kofia ya sufi hata kukiwa na jua, ukienda hapo useme unataka yeye na ungojee nafasi hata kama ni wiki. Ofisi nyota 2, na hizo 2 ni juu mwenye shule alikubali kuskiza. Kabla ulipe popote omba fomu usome mpaka chini, uliza bima ya gari ni gani na inajua kwamba dereva ni wanafunzi, ingia upande wa mwalimu ukanyage hiyo breki ya pili uone inashika.

Na kitu ya mwisho yenye bado haijaisha. Wale wanafunzi 2 walikuwa nyuma siku ile, mmoja aligonga kiti cha mbele na mdomo, akapasuka ndani ya shavu. Nilipokaa hapo nyuma ile Jumapili nilitafuta mkanda nikapata umeingia chini ya kiti, hautoki, na wa upande ule mwingine hauna mahali pa kufungia. Gari inabeba watoto 3 kwa zamu, wawili daima wako hapo nyuma wanangojea. Nimemwambia mwenye shule, nimemwandikia na meseji, amesema fundi anakuja. Msichana wangu ako na masomo 4 yamebaki, kila siku akirudi namuuliza mikanda, jana bado. Siku atasema imewekwa nitarudi hapa niongeze nyota.